Maelezo ya Daftari la Kompyuta Yaandikwe kwa Kiswahili

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi hufika Nanganga, penye njia panda iendayo Ruangwa, katika bonde la mto Lukuledi. Magari husimama hapo, abiria hushuka kunyoosha miguu, na wauzaji wa korosho huzunguka madirishani. Ni mahali pa kungojea. Alasiri moja nilikaa hapo pamoja na mzee mmoja, mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji kimojawapo cha upande wa Ruangwa, sote tukingojea gari. Na katika mazungumzo yetu nilitambua kwamba kazi niliyokuwa nikijivunia chuoni haikuwa imekamilika.

Majuma machache kabla ya hapo mzee huyo alikuwa ameniuliza swali ambalo sisi watafiti tumelizoea na aghalabu hulikwepa: takwimu za visima vyetu huwa mnazipeleka wapi? Nilifurahi kumjibu kwa vitendo. Nilimtumia kwa simu kiungo cha hadharani cha daftari la kompyuta ambamo mimi na wanafunzi wangu tulichambua hali ya vituo vya maji vya Tanzania Bara, zikiwamo wilaya za Ruangwa na Nachingwea. Nikadhani nimetimiza wajibu.

"Nililifungua, mwalimu," aliniambia pale Nanganga, "mjukuu wangu akanishikia simu. Mwanzo kuna maandishi ya Kiingereza ambayo hata yeye aliyemaliza kidato cha nne hakuyaelewa. Kisha likaja jedwali. Ndani ya jedwali nikaona Zahanati ya Nanyumbu, na Nanyumbu anakaa shemeji yangu. Mjukuu akasema imeandikwa kwamba bomba halifanyi kazi. Sasa, halifanyi kazi leo, au halikufanya kazi lini?"

Jibu lilikuwamo katika jedwali lilelile, safu ya tatu kutoka kushoto: tarehe 28 Januari 2013. Lakini hapakuwa na sentensi hata moja ya kumwambia msomaji kwamba safu hiyo ni tarehe ya ukaguzi, wala kwamba hali iliyoandikwa mwishoni mwa mstari ni hali ya siku hiyo tu. Mimi nilijua. Wanafunzi wangu walijua. Mzee, ambaye maji hayo yanamhusu kuliko sisi sote, hakuambiwa.

Huenda baadhi ya wasomaji hawajapata kuliona daftari la kompyuta. Ni faili moja lenye mambo matatu yaliyopangwa kwa kufuatana: maelezo ya lugha ya binadamu, amri ambazo kompyuta hupewa, na majibu ambayo kompyuta imeyatoa, yaani tarakimu, majedwali na michoro. Faida yake ni kwamba hoja na ushahidi wake hukaa pamoja, kama katika daftari la maabara. Aina inayotumika mno leo ni ile ya Jupyter. Chimbuko lake ni kazi iliyoanzwa mwaka 2001 na Fernando Pérez, mzaliwa wa Kolombia, alipokuwa akisomea udaktari wa fizikia nchini Marekani; daftari lenyewe lilitolewa mwaka 2011, na jina la Jupyter likaanza kutumika mwaka 2014. Jina hilo limeunganisha lugha tatu za kompyuta, Julia, Python na R, lakini pia linamkumbuka Galileo, ambaye mwaka 1610 alichora katika daftari lake, usiku baada ya usiku, nyota ndogo zilizokuwa zikibadili mahali kando ya sayari tuiitayo kwa Kiswahili Mshtarii. Galileo aliandika tarehe ya kila usiku. Bila tarehe hizo asingaliweza kutambua kwamba nyota zile ni miezi inayoizunguka sayari.

Faili la daftari likifunguliwa jinsi lilivyo ni msitu wa mabano na alama za nukuu. Ili mtu asiye na programu yake aweze kulisoma, mradi wa Jupyter una chombo kiitwacho nbviewer. Mwenye daftari huliweka mahali pa wazi kwenye intaneti, huchukua anwani yake na kuibandika katika nbviewer, naye hupata kiungo cha kumpelekea yeyote amtakaye. Mtu akikibonyeza kiungo hicho, seva ya nbviewer hulichota faili kule lilikowekwa, huligeuza kuwa ukurasa unaosomeka, na kumwonyesha. Hahitaji kuwa na kompyuta. Simu yenye intaneti yamtosha. Ni chombo chema, na sina ugomvi nacho.

Ugomvi wangu ni na sisi tunaokitumia. Maelezo ya matumizi yaliyoandikwa na watengenezaji wake ni mafupi, ni ya Kiingereza, na yamewalenga waandishi wa programu. Hawana lawama, walikuwa wakizungumza na wenzao. Kumweleza msomaji wa Nanganga ni kazi iliyoachwa kwetu, nasi hatujaifanya, kwa sababu tumeridhika kuamini kwamba kiungo kikifunguka basi elimu imefika.

Tuutazame mfano wenyewe wa vituo vya maji. Takwimu zake zilitoka kwa Wizara ya Maji ya Tanzania na mradi uitwao Taarifa, na DrivenData ya Marekani ikaziweka katika mashindano ya wazi: mshiriki atazame sifa za kituo, kisha abashiri kama kinafanya kazi, kinafanya kazi lakini kinahitaji matengenezo, au hakifanyi kazi kabisa. Nyingi zilikusanywa kati ya mwaka 2011 na 2013. Sehemu iliyotolewa pamoja na majibu yake ina vituo 59,400. Kati ya hivyo, 32,259 vilikuwa vikifanya kazi, 4,317 vilihitaji matengenezo, na 22,824 havikuwa vikifanya kazi. Mkoa wa Mtwara una vituo 1,730 katika jedwali hilo na Lindi 1,546, na katika kila mmoja wa mikoa hiyo miwili zaidi ya nusu ya vituo havikuwa vikifanya kazi siku vilipokaguliwa.

Watu wa pande zote za dunia wamejifunza uchambuzi wa takwimu kwa mabomba yetu, na madaftari yao yametapakaa kwenye intaneti kwa viungo vya hadharani. Kwa desturi ya kazi hii, mtu huanza kwa kuiamuru kompyuta imwonyeshe mistari mitano ya kwanza ya jedwali. Mstari wa nne ndio ule wa Zahanati ya Nanyumbu: kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, mwaka wa ujenzi 1986, mfadhili Unicef, hakina maji, hakifanyi kazi. Nathubutu kusema kwamba hakuna kisima cha kusini mwa nchi yetu kilichotazamwa na macho mengi zaidi. Wametazama vijana wa India, wa Brazili, wa Ulaya, na wengi wao hawajui Nanyumbu iko upande gani wa Afrika. Wala hawakuwa na haja ya kujua. Kwao ulikuwa mstari wa majaribio.

Sasa tuje kwenye sifuri, maana hapa ndipo ukosefu wa maelezo unapogeuka kuwa uongo. Katika vituo 20,709, ambavyo ni zaidi ya theluthi moja ya vyote, safu ya mwaka wa ujenzi ina sifuri. Maana ya sifuri hiyo ni kwamba mwaka haukuandikwa. Kompyuta haina habari hiyo. Ukiiamuru itafute wastani wa mwaka wa ujenzi, itakupa 1300, na yapo madaftari ya hadharani ambamo jibu hilo limeachwa palepale bila neno la onyo. Mwaka 1300 ni zama za masultani wa Kilwa. Ibn Battuta alipotembelea Kilwa mwaka 1331, kama tungeliamini daftari, bomba la wastani la Tanzania lilikuwa limekwisha kutumika miaka thelathini na moja. Vivyo hivyo, vituo 1,812 vina longitudo ya sifuri, na latitudo yao nayo ni karibu sawa na sifuri. Ukivichora katika ramani vinaangukia Ghuba ya Guinea, ndani ya bahari ya Atlantiki.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili hucheka akionyeshwa mambo haya. Lakini diwani anayetafuta hoja ya kikao, au mwandishi wa habari anayewahi gazeti, hatacheka. Ataamini, kwa kuwa kimetoka katika kompyuta tena kwa kiungo cha chuo kikuu.

Lipo jambo jingine ambalo msomaji hana njia ya kulijua asipoambiwa. Chombo cha nbviewer hakitekelezi amri. Huonyesha tu majibu yaliyohifadhiwa ndani ya faili mara ya mwisho. Mwandishi aweza kuibadili amri na kuliacha jibu la zamani chini yake, na ukurasa ukaonekana safi kabisa. Dalili pekee ni namba ndogo zilizo kando ya amri: zikifuatana 1, 2, 3, kazi ilitekelezwa kwa mpangilio, zikiruka 4, 17, 9, ujue mwandishi alikuwa akirudi nyuma na kwenda mbele. Mwaka 2019 João Felipe Pimentel na wenzake wa Brazili na Marekani walichapisha uchunguzi wa madaftari yapatayo milioni 1.4 yaliyokuwa hadharani. Katika yale waliyojaribu kuyatekeleza upya, takriban asilimia 24 tu yalifika mwisho bila hitilafu, na asilimia 4 tu ndiyo yaliyotoa majibu yaleyale. Madaftari hayo yalikuwa ya wataalamu na wanafunzi wa dunia nzima, tusijidhani sisi ndio wazembe peke yetu. Lakini mtu wa kawaida anayepelekewa kiungo anastahili kuelezwa maana ya zile namba ndogo. Ni sentensi mbili tu.

Nikiri na kosa langu mwenyewe, maana nisingependa kuhubiri kana kwamba nilizaliwa nikijua. Katika daftari langu la kwanza la utafiti wa vijijini niliiamuru kompyuta inionyeshe mistari michache ya orodha ya wahojiwa, kuhakikisha tu kwamba faili limefunguka. Majibu yalikuja na majina na namba za simu. Katika amri zilizofuata niliziondoa safu hizo, nikaendelea na uchambuzi, nikasahau kwamba jibu la amri ile ya mwanzo bado limo ndani ya faili. Kiungo kilikaa wazi siku tatu. Nilipolisahihisha faili, ukurasa wa zamani uliendelea kuonekana kwa muda, kwa sababu nbviewer hutunza nakala kwa takriban dakika kumi kabla ya kuchota upya. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba mahali nilipoliweka faili palikuwa pakitunza kila toleo la nyuma, hivyo aliyetaka angeweza kurudi na kulisoma lile lenye majina. Ikanibidi nifute hifadhi yote na kuanza upya. Niliwapigia simu wahojiwa mmoja mmoja kuwaomba radhi. Mama mmoja aliniuliza ni akina nani waliokwisha kuiona namba yake. Sikuwa na la kumjibu, kwani kiungo cha hadharani hakiandiki majina ya wapitao. Leo tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mtafiti hawezi tena kujitetea kwamba alisahau. Hata hivyo sheria haimfundishi mtu mahali jibu la amri linapojificha. Hiyo ni kazi ya maelezo ya matumizi.

Na tusisahau gharama. Michoro ya daftari huhifadhiwa ndani ya faili lenyewe, na daftari lenye michoro mingi huwa zito. Mjukuu wa yule mzee alilalamika kwamba bando lake liliisha kabla hawajaufikia mchoro wa Ruangwa. Mimi niliyeutengeneza mchoro huo natumia intaneti ya ofisi, na wazo hilo halikupata kunijia.

Tusidhani kwamba tatizo hili limezaliwa na intaneti. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi, umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake. Kwa ajili ya Mtwara na Lindi, wataalamu wa Finland waliandaa mpango mkuu wa maji uliokamilika mwaka 1977, kwa Kiingereza. Aliyeweza kufika ofisini na aliyejua Kiingereza ndiye aliyefaidi. Na katika muongo huohuo nchi ilikuwa imekwisha kuonyesha njia nyingine. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio, vikundi vya kusikiliza, na vijitabu vya Kiswahili chepesi vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wazima, wengi wao wakiwa wametoka kujifunza kusoma; walishiriki watu wapatao milioni mbili. Walioandika vijitabu vile walikaa kitako wakajiuliza msomaji wao anajua nini na hajui nini. Hilo ndilo ninaloliomba kwa daftari la kompyuta.

Wapo wenzangu wasemao kwamba ni kupoteza wakati, kwa kuwa amri zenyewe ni za Kiingereza na zitabaki hivyo. Hoja hii hainishawishi. Fundi wa pampu pale kijijini anasema valvu, anasema washa, anasema silinda, na maneno hayo hayakuzaliwa Umakondeni. Lakini akimfundisha kijana wake jinsi ya kuibadili washa iliyolika, anamfundisha kwa Kiswahili. Wengine husema Kiswahili hakina istilahi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya uandishi na majedwali iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na ili kufika huko ilibidi istilahi zitafutwe na zikapatikana. Tena maelezo ninayoyataka hayadai istilahi nyingi. Yanadai kusema tarehe ni ipi, sifuri maana yake nini, na nani aulizwe.

Hoja ninayoiona kuwa na uzito ni ile ya tatu: kwamba maelezo huchakaa. Chombo hubadilika, anwani hubadilika. Hata nbviewer yenyewe imekwisha kuhama anwani zaidi ya mara moja. Ni kweli. Ndiyo sababu maelezo hayana budi kuwa na tarehe na jina la kazi ya mwenye kuyatunza, na yakae ndani ya daftari lenyewe, mwanzoni, katika nafasi ileile iliyotengwa kwa maneno ya binadamu, badala ya kuwekwa katika faili jingine litakalopotea.

Kikwazo cha kweli hakimo katika lugha wala katika chombo. Chuoni tunahesabiwa kwa makala tulizochapisha katika majarida ya nje. Nilipotaka kuliorodhesha andiko la maelezo katika taarifa yangu ya kazi ya mwaka, fomu haikuwa na mahali pake. Mwenzangu mmoja akanishauri, kwa nia njema, niliite "huduma kwa jamii" pamoja na hotuba za siku ya kupanda miti. Sikubaliani naye. Kumweleza mjumbe wa kamati ya maji jinsi ya kuisoma tarakimu bila kumdanganya kulinilazimu kuielewa tarakimu hiyo zaidi kuliko nilivyoielewa nilipoandika makala. Ndipo nilipozihesabu zile sifuri za mwaka wa ujenzi mmoja baada ya mwingine wa mikoa. Kazi ya namna hiyo ipewe alama zake katika upandishaji vyeo, na kila utafiti unaolipiwa na fedha za umma uweke ukurasa wa Kiswahili mwanzoni mwa kila daftari linalotolewa hadharani. Ukurasa mmoja, si zaidi.

Daftari letu la vituo vya maji sasa linaanza kwa ukurasa wa namna hiyo. Sentensi yake ya kwanza yasema: hali ya kila kituo iliyoandikwa hapa ni ya siku kilipokaguliwa, na siku hiyo imeandikwa katika safu ya tatu. Michoro tumeipunguza ikabaki minne. Wanafunzi wangu wawili walichapa ukurasa huo kwenye karatasi na kuupeleka Nanganga pamoja na kiungo, na mzee ameurudisha akiwa na masahihisho mawili. La kwanza, neno latitudo liondolewe, paandikwe mahali kilipo. La pili, tusiseme kituo cha maji. Kwao wanasema bomba, hata kama ni kisima cha kuvuta kwa mkono. La kwanza nimelikubali. La pili bado tunabishana kwa simu.